Mgeni Akiuliza "Tanga Kuna Nini?": Namna ya Kumjibu kwa Siku Moja

Wakwe za dada yangu walipokuja kutoka Mbeya kwa ajili ya harusi, mimi nilipewa kazi moja tu: kuwatembeza. Baada ya chakula cha mchana, tukiwa tumeketi mkekani, mzee mmoja kati yao akaniuliza, "Mwanangu, hapa kwenu Tanga mnajulikana kwa nini hasa?" Nikammwagia kila kitu kwa mkupuo mmoja: mkonge, mapango, bahari, machungwa ya Muheza, taarabu, na ule msemo wetu wa "waja leo waondoka leo". Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zake zote, kisha akarudi kwenye simu yake. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemsomea orodha, na hakuna hata kitu kimoja ndani yake alichokishika mkononi.

Toka siku ile nikaanza kulifikiria swali lake kama kazi ya kujifunza. Nikatembeza ndugu, kisha rafiki za ndugu, kwa baiskeli, kwa sababu mji wetu ni tambarare na baiskeli ndiyo miguu yetu. Sasa ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Ninachokieleza hapa ni kwa ajili ya Mtanga yeyote anayetarajia mgeni na hataki kumpa jibu la mkekani nililolitoa mimi.

Chagua kitu kimoja kwanza

Kabla mgeni hajafika, keti ujiulize: ni kitu gani ambacho kisingekuwepo, mji huu ungekuwa mwingine kabisa? Bahari tunayo, lakini na Mtwara wanayo. Machungwa yetu ni matamu, ila mji haukujengwa kwa machungwa. Mapango ya Amboni yalikuwepo kabla ya binadamu, na mji ungeweza kuwepo bila mtu kuyaingia. Mimi kila nikijiuliza narudi palepale: mkonge. Mkonge ndio uliolisha reli, ukajaza bandari, ukaleta watu wa makabila yote hapa, mimi nikiwemo. Ukishapata kitu cha namna hiyo, anza nacho, na vingine vyote uvifikie kwa kukifuata.

Usianze na maelezo. Anza na jani. Nyumba nyingi za pembezoni mwa mji zimezungushiwa mkonge mpakani, kwa hiyo omba jani moja kwa mwenye nyumba jioni ya kuamkia siku ya matembezi. Kata ncha yake kabla ya kumpa mtu yeyote, maana ule mwiba wa ncha ni mkali na jicho la mtoto haliponi nao. Asubuhi mpe mgeni jani lile pamoja na kisu butu na ubao. Mwambie akwangue kwa mgongo wa kisu, kutoka shina kwenda ncha, akikandamiza. Nyama ya kijani itatoka kama ute, na chini yake zitabaki nyuzi nyeupe, ndefu, zenye nguvu ajabu. Mwambie ajaribu kuukata uzi mmoja kwa mikono. Mfunike nguo zake kwa leso, na uwe na maji ya kunawa karibu, kwa sababu majimaji ya mkonge yanawasha.

Akishashika nyuzi zile ndipo umwambie hesabu, na hesabu itamwingia: katika kilo 100 za majani mabichi, katani kavu, yaani nyuzi zenyewe, inayopatikana ni kama kilo 4 tu. Kilichobaki ni maji na makapi. Ndiyo maana kiwanda cha kukwangua, ambacho sisi tunakiita korona, lazima kiwe shambani kwenyewe. Hakuna anayeweza kusafirisha mlima wa maji kwenda mbali. Na makapi yale kwa miaka mingi yalitupwa tu, mpaka pale Hale ulipojengwa mtambo wa kuyageuza kuwa gesi ya kuendeshea umeme. Ukitaka mgeni aione korona ikifanya kazi, omba ruhusa kwa uongozi wa shamba siku kadhaa kabla. Usimpeleke kwa kushtukiza. Pale ni kazini kwa watu, kuna mashine zinazokata, na wafanyakazi wapigwe picha kwa ridhaa yao.

Sasa msimulie safari ya mmea wenyewe. Mkonge si wa kwetu asilia. Kwao ni Mexico, rasi ya Yucatán, na jina sisal wanalotumia wazungu ni jina la bandari ya huko iliyokuwa ikisafirishia katani. Mjerumani mtaalamu wa kilimo aitwaye Richard Hindorf aliagiza vikonge 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilipofika Tanga mwaka 1893 vilivyokuwa hai vilikuwa 62. Hivyo 62 vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hapa mimi husimama kidogo nikamwacha mgeni azungushe namba hiyo kichwani. Maana mwaka 1964 nchi hii ilizalisha tani kama 230,000 za katani na ikawa ya kwanza duniani. Kuna simulizi kwamba vikonge vile vilivushwa vikiwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Ni tamu, na mgeni anaweza kuwa ameisikia. Mwambie ni simulizi, basi. Habari ya vile 62 inatosha na ni ya kweli.

Kushuka kwake kusimulie pia, usikuruke. Nyuzi za plastiki ziliingia sokoni, bei ya katani ikaanguka katika miaka ya 1960, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakataifishwa bei ikiwa tayari imeanguka. Mgeni akiona magofu ya maghala njiani atauliza tu. Afadhali asikie kwako.

Weka mtu wako ndani ya habari

Hili wengi hulisahau, na mimi naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Mgeni hukumbuka mtu kuliko mwaka. Mimi humsimulia baba yangu. Alitoka Kasulu akiwa kijana, akaletwa kwa gari moshi pamoja na wenzake kufanya kazi ya mkataba, watu walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Alikuwa akikata majani na kuyafunga miganda ya majani 30, na mpaka uzeeni, akihesabu kitu chochote, machungwa au sahani, alikuwa akisimama kwenye 30 na kuanza upya. Mama alikuwa Mbondei wa Muheza. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha.

Kila Mtanga ana mtu kama huyo. Kama humjui wako, nenda kamuulize babu au bibi wa mtaani kwenu. Angalia namna ya kuuliza. Ukisema "Bibi, Tanga inajulikana kwa nini?" atakujibu yale yale ya redioni. Mpe shikamoo, keti chini, muulize: "Bibi, wewe ulifikaje hapa? Ulishukia wapi? Siku ya kwanza ulilala kwa nani?" Atakaa kimya kidogo, kisha utapata Tanga ambayo hukuwahi kuisikia. Rudi tena siku nyingine na umuulize mzee mwenzake jambo lile lile. Wakikubaliana, shika. Wakipishana, waeleze wageni kwamba wazee wanapishana. Hapana aibu katika hilo.

Fuata reli mpaka vitani

Kutoka kwenye mkonge, mpeleke stesheni. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapa Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule wa vikonge vya Kikogwe, na ndiyo reli ya kwanza katika Tanzania bara ya leo. Ilikwenda Muheza, Korogwe, Mombo, mpaka ikafika Moshi. Kama muda upo, pitieni boma la zamani la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Picha za kale zilizomo zitamwonyesha mgeni mitaa ile ile aliyoipita kwa baiskeli.

Kisha endesheni polepole hadi Ras Kazone, msimame kivulini mkitazama bahari, na umsimulie Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Waliokuwa wakiulinda mji walikuwa kama 1,000 chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, na wengi kati yao walikuwa askari wa Kiafrika. Mgeni atauliza hao 1,000 waliwezaje. Mrudishe kwenye reli: sehemu kubwa ya kikosi ililetwa kwa gari moshi kutoka upande wa Moshi, ikafika wakati Waingereza wangali wanahangaika kushuka pwani. Tarehe 4 ndiyo siku waliyopigana hasa. Tarehe 5 Waingereza wakarudi merikebuni, wakiacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000.

Hapa nyuki wataingia tu, maana vita hii imepata jina lao. Mizinga ya nyuki ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaivuruga, nyuki wakatoka kwa hasira. Wapo waliodai kuwa Wajerumani waliwatega makusudi. Nyuki hawakuchagua upande, waliwauma wote. Mimi nikifika hapo hupenda kumkumbusha mgeni kwamba askari na wapagazi wetu walikufia ugomvi wa watu wawili wa mbali, na kwamba mjini kuna makaburi ya vita ile. Kama ana moyo, tunakwenda. Tukifika huko huwa sisemi kitu.

Muziki, mpira na mtaa wenyewe

Watu waliolipwa mishahara mashambani, bandarini na relini walihitaji pa kupumulia, na walipata. Ngamiani, ule mtaa ambao njia zake zinaitwa kwa namba, ndiko mahali pa kumpeleka mgeni saa za alasiri. Msimulie Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zilizochezesha watu wa mji huu. Kwa taarabu mtajie Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa vilivyoipa taarabu gitaa na besi ikawa na mwendo wake, na mtajie Shakila Said, aliyeimba Black Star kwa sauti ambayo mama yangu alikuwa akiacha kuosha vyombo ili aisikilize. Usimwekee mgeni muziki huo kwenye simu barabarani. Mtafutie kibaraza chenye redio na chai, umwache asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza kwa maelezo.

Mpira usiusahau kama mgeni ni mtu wa mpira. Coastal Union ni Wagosi wa Kaya, na African Sports ni Wana Kimanumanu. Mweleze kwamba mgosi ni mwanamume kwa Kisambaa na Kibondei, na kaya ni nyumbani. Wenyeji wenye kaya yao. Ukikaa na mashabiki wa pande zote mbili kwenye benchi moja, wao wenyewe watakumalizia kazi.

Amboni, na hekaya zake

Amboni ni kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, barabara ya Horohoro. Nendeni asubuhi, na viatu vya kufunika, tochi, na mwongoza wageni wa pale pale. Ndani kuna giza, kuna popo, na kuna mahali pa kupita kwa kuinama. Ni miamba ya chokaa iliyochongwa na maji kwa muda usiohesabika. Lakini sababu kubwa ya kuandika kuhusu Amboni ni kwamba hapa ndipo sifa ya mji inapojaribiwa, kwa kuwa kila mtu ana hadithi yake. Utaambiwa pango linatokea Mombasa. Utaambiwa Wazungu wawili waliingia na mbwa, wao wakapotea, mbwa akaonekana Kilimanjaro.

Msimulie mgeni hadithi hizo zote, kwa sauti ile ile ya kusimulia, nawe uzipende. Kisha mwambie kwamba mwaka 1994 timu ya Wajerumani na Waturuki ilichunguza mapango 10, na lile refu kuliko yote waliloona lilikuwa mita 755. Vyote viwili ni mali ya Tanga. Hekaya inaeleza jinsi watu wetu walivyolistahi giza lile, na kipimo kinaeleza pango lenyewe. Usivichanganye tu, mgeni akaondoka hajui kipi ni kipi. Mkikuta watu wameweka sadaka mahali pa mzimu, piteni kwa adabu na kamera ikae mfukoni.

Jirani na hapo kuna chemchemi za maji ya kiberiti za Galanos, zilizopewa jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Unaona tena? Hata maji ya moto yanaturudisha kwenye jani lile la asubuhi.

Kusini, njia ya Pangani

Kama nguvu bado zipo, au kwa siku ya pili, shukeni njia ya Pangani. Kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, mgeni yeyote mwenye kusoma Kiswahili anatakiwa aende. Alizikwa Machui. Mimi kila nikifika pale huwa najihisi nimefika kwa mjomba aliyetufundisha wote kusema. Mbele zaidi ni Tongoni, penye msikiti wa kale ulioporomoka na makaburi yenye nguzo, ushahidi kwamba watu wa pwani hii walikuwa na miji kabla ya meli za Wareno. Angalieni maji kujaa na kupwa kabla ya kutembea ufukweni.

Mengine yataje kwa mdomo tu, mgeni akiuliza. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za kale hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, anapatikana katika kina cha bahari yetu, na tangu 2009 ana hifadhi yake hapa. Ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, Saintpaulia, lilitoka Usambara. Ofisa wa Kijerumani wa hapa Tanga ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, hapa Tanga. Watoto wetu huenda wakajibu swali la yule mzee wa Mbeya kwa kuanzia huko.

Akiuliza yale mengine

Atauliza. Atacheka kidogo, atauliza uchawi wa Tanga, au atauliza kama ni kweli wanawake wa Tanga wanawafunga wanaume wasirudi kwao. Mimi ni mwanamke wa Tanga na swali hilo huniuma, kwa hiyo nimejifunza kulijibu bila kugomba. Namwambia: hao unaowasikia wamekuja leo wakasema wataondoka leo, wengi walikuwa vijana waliotoka mbali kama baba yangu, hawana mama wala dada karibu. Wakapikiwa, wakafukiziwa udi, wakaitwa kwa heshima, wakauguzwa walipoumwa. Wakakaa. Hakuna dawa iliyowafunga. Kisha namwalika nyumbani chai ya jioni, akae aone jinsi mgeni anavyopokewa.

Siku ya kuondoka

Mkatie tiketi ya basi la asubuhi, na umwombee kiti cha dirishani. Mwekee kwenye mfuko zile nyuzi alizozikwangua mwenyewe. Zitakuwa zimekauka na kuwa nyeupe kabisa. Mwonyeshe jinsi ya kuzisokota mapajani, nyuzi mbili mbili, apate kamba fupi kama ya kufungia mzigo. Mwambie basi likisimama Muheza watakuja vijana na machungwa dirishani, anunue, na asilale mpaka Segera. Atapita mistari ya mkonge iliyonyooka mpaka mwisho wa macho, na humo shambani ataona ile milingoti mirefu yenye maua juu. Yule mzee wa Mbeya alinipigia simu akiwa bado safarini, maana siku ya mwisho nilimrekebishia matembezi yake, akaniuliza milingoti ile ni ya nini. Nikamwambia mkonge hutoa maua mara moja tu, baada ya kukatwa majani miaka mingi, kisha unakufa, na kule juu kwenye mlingoti ndiko vinakoota vikonge vya kupandwa upya. Akanyamaza, nikasikia basi likiunguruma. Kisha akaniuliza jina la baba yangu.